Kilichomo Ndani ya Pufu

"Ngozi ya ngamia ya wapi, Lalla?" Fundi Abdelali alicheka mpaka fulana ikamtikisika tumboni. "Huyu alilia mee mpaka siku yake ya mwisho. Hao wanaouza ngamia wako kule langoni, wanawangoja watalii. Mimi nauza mbuzi, na nasema mbuzi."

Lalla Zhor alinuna. Alikuwa ametoka nyumbani na nia moja tu, kutafuta kasoro, na kasoro ya kwanza fundi amempokonya mdomoni kwa kusema kweli. Basi akahamia kwenye rangi.

"Nyekundu hii itachuja. Mgeni atakaa na nguo yake nyeupe, ataondoka kama aliyetoka kuchinja."

Fundi hakubishana. Alichovya kitambaa cheupe kwenye bakuli la maji, akaisugua ngozi ile kwa nguvu, kisha akakikunjua kitambaa mbele ya macho ya mama wa watu. Kilikuwa cheupe vile vile.

Ghita, binti yake, aliinamisha uso asionekane anacheka. Alipouinua, akamkuta Munsif anamtazama, kumbe naye anazuia kicheko chake, na macho yao yakakaa pamoja muda mrefu kuliko unaohitajika kwa habari ya kununua matakia. Jamani! Mwanamke wa miaka thelathini na minne, ameolewa akaachika, ameapa mbele ya dada zake kwamba wanaume basi, na bado moyo unamruka kama msichana wa shule kwa ajili ya mwalimu wa jiografia mwenye mvi masikioni. Akageukia bidhaa haraka.

Pufu, yale matakia manene ya ngozi ya kukalia, zilining'inia kutoka darini hadi karibu na sakafu, za kila rangi, tupu zote, zimelala bapa. Hapa Fes pufu huuzwa ngozi peke yake. Tumbo unalijaza mwenyewe ukifika kwako, kwa sufu, kwa blanketi lililochakaa, kwa nguo kuukuu, kwa chochote ulichonacho.

Ghita na Munsif walikuwa wafunge ndoa Ijumaa inayokuja, na kilichobaki ni sebule. Zulia lilikwisha kutandikwa. Masedari, yale makochi marefu ya kuzunguka kuta, yalikwisha kuvishwa vitambaa alivyovishona Ghita kwa mkono wake, maana yeye ni fundi wa kaftani, na wanaojua kaftani mjini wanamjua. Zilitakiwa pufu tatu tu za kuizunguka meza ya chai.

"Mimi bado nasema tungekwenda mji mpya," alisema Lalla Zhor. "Mke wa kaka yako amenunua kile kigoda kipana cha mahameli, chenye mfuniko, ndani unatia mablanketi. Kitu cha heshima. Hizi za ngozi zilikuwa za bibi yangu."

"Kile kina pembe, Mama. Kila nikienda kwao narudi na goti jeusi."

"Goti litapona. Aibu ya sebule haiponi."

"Lalla," Munsif akaingilia kwa adabu, "tunaweza kununua vyote viwili."

"Wewe baba nyamaza. Bado hujaoa."

Fundi akacheka tena. Ghita akatoa utepe wake wa kupimia, akaanza kazi. Sedari lina kimo chake, alisema, na pufu isilipite, ama sivyo mgeni atakunywa chai yuko juu kama khatibu kwenye mimbari. Akazigeuza nje ndani moja baada ya nyingine, akavuta mishono kwa ukucha, akanusa. Zilinuka ngozi kali, ile harufu ya madimbwi ya kutengenezea ngozi ambayo mtu wa Fes huizoea asiisikie tena. Mwishowe akachagua tatu, ya zafarani, ya komamanga na ya rangi ya asali. Kabla ya kumpa fundi, alimtazama Munsif.

"Umeridhika?"

"Ungeniuliza mimi ningechukua zote za kahawia," alisema Munsif. "Ndiyo maana nimekuja na wewe."

Hilo ndilo lililomnasa Ghita kwa mtu huyu. Mume wake wa kwanza alikaa naye miaka sita na hakuwahi kumuuliza hata kama chai ina sukari ya kutosha. Munsif anauliza. Aliuliza rangi ya ukuta, aliuliza cherehani ikae dirisha lipi, aliuliza kama anaogopa ngazi zile kwa usiku. Mwanamke asiyewahi kuulizwa, akiulizwa mara tatu tu, keshakwisha.

"Mna cha kujazia?" aliuliza Fundi Abdelali akizikunja. "Msijaze karatasi, na msijaze sponji, inamung'unyika. Nguo ndiyo tamu. Nguo inakushika."

"Kujaza niachieni mimi," alisema Munsif. "Kwangu nguo kuukuu hazikosekani."

Walipotoka, Lalla Zhor alimvuta binti yake nyuma, Munsif atangulie na furushi.

"Nakwambia kwa mara ya mwisho, halafu nafunga mdomo."

"Hujawahi kuufunga, Mama."

"Sikiliza! Yule mtu si mbaya. Ubaya wake simwoni, na nimemtafuta. Lakini mwanamume aliyefiwa ana mke asiyezeeka, asiyekosea, asiyezidisha chumvi. Miaka minne Sukaina yuko kaburini na hajawahi kuunguza hata mkate mmoja. Wewe utashindana naye kwa lipi?"

"Sishindani naye. Hata sura yake siijui."

"Ndiyo hatari yenyewe," alisema Lalla Zhor, na safari hii kweli akafunga mdomo, mpaka njia panda.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatano asubuhi mama na binti walikwenda kwa Munsif kupanga sebule, kama ilivyo ada, mwanamke aione nyumba yake imekaa sawa kabla hajaingia kuishi. Munsif aliwaachia ufunguo kwa jirani, yeye akaenda kununua mkate na mnanaa.

Pufu zilikuwa zimeshajazwa. Loo, zilipendeza! Zilikaa pale zimenona, zimeng'aa, na mwanga wa uani ukiingia, ile ya zafarani ilikuwa kama imewashwa taa. Lalla Zhor alikalia ya komamanga, akajitikisa, akajiegemeza kushoto, akajiegemeza kulia.

"Hm. Inakalika," alisema. Kwa kinywa chake yeye hayo ni mashairi. Kisha akaenda jikoni kukagua masufuria.

Ghita akakalia ya zafarani, ikamwinamisha. Upande mmoja ulikuwa na kinundu, upande wa pili umepwaya, na fundi wa kushona haachi kitu kimekaa upande. Akaipindua, akafungua kamba za chini, akaingiza mkono kutandaza kilichomo.

Mkono ukagusa hariri.

Akavuta. Ulikuja mkono wa kaftani, wa samawati, mwembamba, wa mwanamke mdogo wa umbo. Kifuani vifungo vya hariri vidogo vidogo vimepangwa safu moja, thelathini na kitu. Akavuta tena, kikaja kilemba. Akavuta tena, likaja gauni la kulalia la flana, limefuliwa mpaka limekuwa laini kama kitambaa cha mtoto, na mkono wake wa kushoto umepasuliwa kutoka kiwiko kwenda chini na kupindwa kwa mshono mzuri sana. Ghita alikwishashona gauni kama hilo, kwa shangazi yake. Ndivyo wanavyoshonewa wagonjwa wa kutundikiwa dripu.

Alikaa pale sakafuni na gauni mapajani. Sukaina alikuwa ameugua miezi minane. Hilo Munsif alimwambia. Haya mengine hakumwambia.

"Vipi, panya?" Lalla Zhor alitokea mlangoni na sufuria mkononi. Akaona. Ghita alingoja ile nilikwambia, lakini haikuja. Mama yake aliiweka sufuria chini polepole.

"Vaa jalaba lako, mwanangu. Twende nyumbani."

Na hapo hapo ufunguo ukazunguka mlangoni, Munsif akaingia na mkate wa moto kwapani na mnanaa mkononi, anatabasamu. Tabasamu lilimfia njiani.

"Mama, tupishe kidogo," alisema Ghita.

"Sipishi."

"Mama."

Lalla Zhor akarudi jikoni. Hakufunga mlango, na masufuria hayakulia tena hata moja.

"Ghita," alianza Munsif.

"Ni zake?"

"Ndiyo."

"Zote tatu zimejazwa zake?"

"Ghita, niache nieleze. Kwetu ndivyo tulivyofanya siku zote. Babu yangu alipokufa, bibi alitia joho lake la sufu ndani ya pufu, akalikalia miaka ishirini, akila hapo, akisali hapo. Hakuna aliyesema neno. Kitu cha mtu wako hukitupi na wala hukitazami. Kinakaa nyumbani. Niliona ndiyo heshima."

"Bibi yako alikalia majonzi yake mwenyewe, Munsif. Mimi unataka nikalie ya nani?"

"Ningewaalika dada zangu," Ghita aliendelea. "Ningemwalika mama yako. Ningekaa hapa na birika nawamiminia chai, najiona bibi wa nyumba, na wewe upande wa pili unanitazama, unajua nimekalia nini. Wewe unajua, mimi sijui! Hivyo ndivyo tungeishi?"

"Sikukusudia kukuficha."

"Ulikusudia nini? Uliniuliza mpaka rangi ya ukuta. Hili mbona hukuniuliza?"

"Kwa sababu ungekataa."

Angalau alisema kweli. Aliketi ukingoni mwa sedari, mkate bado uko kwapani kausahau, na Ghita alitamani kumwondolea ule mkate na hapo hapo alitamani kumpiga nao. Ndivyo kupenda kulivyo, mtu hachagui hisia moja akaziacha nyingine.

"Miaka minne lile kabati limefungwa," alisema Munsif kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nalifungua mara moja moja. Harufu yake ilikuwemo bado. Nikasema huyu ninayemwoa sasa ana haki ya kukuta kabati tupu. Kutupa sikuweza, kugawa sikuweza. Fundi aliposema nguo, nikaona Mungu amenifungulia njia. Nikizishindilia mle ndani nitaacha kuzifungua."

"Na umeacha?"

"Jana nilikalia hiyo ya zafarani tangu adhuhuri hadi adhana ya magharibi. Sikuwasha hata jiko."

Ghita alihisi machozi yanamjia, na hayakuwa ya hasira peke yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini huu haukuwa ung'ongo.

"Unajua naogopa nini?" alisema. "Sio yeye. Yeye Mungu amrehemu, hajanikosea. Naogopa kwamba umetafuta ngozi mpya, ya ndani yabaki yale yale. Ngozi ni mimi, Munsif. Nzuri, inang'aa, imechaguliwa kwa makini. Wageni wakija wataisifu."

"Si kweli."

"Hujui kama si kweli. Wala mimi sijui. Na ndoa ni keshokutwa."

Aliliokota lile kaftani la samawati alikunje tu, mikono ipate cha kufanya, na vidole vyake vya kazi vikasimama kwenye vifungo. Vya dukani huwa vimefanana kama punje za mchele. Hivi kila kimoja kilikuwa na kifundo chake, hariri ya samawati imezungushwa na uzi wa fedha katikati, kazi ya wiki nyingi ya mtu asiyelipwa.

"Vifungo hivi alivisuka nani?"

"Mama yake," alisema Munsif. "Lalla Khnata. Ni mtu wa Sefrou, kule wote wanasuka vifungo."

"Na huu mkono wa dripu? Mshono ni wa mtu huyo huyo."

"Ndiyo. Ni yeye."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na anajua nguo za mwanawe ziko wapi?"

Hapo Munsif alibadilika rangi. Aliuweka mkate pembeni, taratibu.

"Siku ya arobaini alikuja hapa," alisema. "Aliniomba nguo moja. Alisema hata kilemba. Nami..." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilimwambia nimekwisha zitoa sadaka zote. Zilikuwa pale kabatini, hatua tano kutoka alipokaa. Niliona akichukua moja zitabaki pungufu, na zikipungua ndiyo zinaanza kwisha. Akasema umefanya vyema, mwanangu, Mungu akulipe. Akanywa chai akaenda zake."

Ghita alisimama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye hakujaliwa mtoto, lakini alimwona yule mwanamke wazi kama yuko pale, anashukuru huku amenyimwa.

"Ondoa mkate wako hapo," alisema. "Zifungue zote tatu."

"Unafanya nini?"

"Unafanya wewe. Mimi naziangalia tu. Zitoe moja moja, uzifunge kwenye shuka safi, halafu tunakwenda Sefrou."

"Ghita, siwezi kumkabili."

"Basi Ijumaa usinikabili na mimi." Alisema hivyo na mara akaogopa maneno yake mwenyewe, kwa sababu alijua anamaanisha. "Sijasema nimeiacha ndoa. Sijasema ipo. Nitajua nikishaona unavyougonga mlango ule."

Munsif alizitoa. Ilichukua karibu saa nzima, na nyingine alizishika muda kabla ya kuziweka chini, na Ghita hakumharakisha. Pufu zikalala bapa tena, moja baada ya nyingine. Walipofika kwenye gari dogo la Munsif, Lalla Zhor alikwisha kaa kiti cha nyuma.

"Mama, wewe unakwenda wapi?"

"Nakwenda nanyi. Nyinyi si mke na mume. Na hilo furushi limefungwa kama la mwizi, lete hapa."

Walishika njia ya Sefrou, wakapita wauza cheri waliopanga vikapu kando ya barabara. Ghita alipogeuka, alimwona mama yake amefungua shuka mapajani, anakunja nguo za marehemu moja moja, anazilainisha kwa kiganja kama anavyozilainisha za wanawe. Midomo ilikuwa inacheza kwa dua. Mwanamke aliyekuwa anamwogopa Sukaina kuliko mtu yeyote aliye hai!

Walipofika, Lalla Zhor alikataa kushuka. "Huko ndani si mahali pangu," alisema. "Nendeni."

Munsif alisimama mbele ya mlango wa kijani na furushi mikononi. Aliinua mkono, akaushusha. Ghita alisimama hatua mbili nyuma yake, amebana midomo, na moyo wake ulikuwa unamwomba, gonga, gonga, usinirudishe nyumbani. Akagonga.

Lalla Khnata alikuwa kibibi mdogo mkavu, sindano imechomekwa kifuani na uzi wa hariri shingoni. Alimtazama Munsif kutoka juu hadi chini.

"Miaka miwili hujapiga hodi hapa. Nilidhani umehama Moroko."

"Nimekuletea amana yako, Mama."

Chumbani, kibibi alipoketi, Munsif alipiga magoti, akaliweka furushi juu ya sedari kando yake, akalifungua. Ghita alibaki mlangoni. Alilolitazama ni mgongo wa Munsif, na mgongo ule haukukwepa.

Kibibi hakugusa kitu kwanza. "Uliniambia umetoa sadaka."

"Nilisema uongo."

"Nilikuomba moja tu."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuombea na dua juu yake."

"Ndiyo."

Akalichukua gauni la flana. Kidole chake kikaufuata ule mshono wa mkono wa kushoto, mshono wake mwenyewe, kutoka kiwiko hadi mwisho. Kisha akalikumbatia usoni, akavuta pumzi ndefu, ndefu, mabega yakainuka. Akaliondoa. Akalirudisha, akavuta tena. Akachukua kilemba, akanusa. Akachukua kaftani.

"Zinanuka ngozi," alisema.

Munsif aliinamisha kichwa.

"Kwa nini zinanuka ngozi?"

"Nilizijaza kwenye pufu. Pufu mpya. Zimekaa humo tangu Jumamosi. Kabla ya hapo..." Sauti ikamkatika. "Kabla ya hapo harufu yake ilikuwepo, Mama. Ilikuwepo."

Ghita alifumba macho. Pale sokoni yeye mwenyewe alizinusa zile ngozi, akaziona ni safi, akazichagua. Hakuna sabuni wala jua litakaloirudisha ile harufu nyingine, na hakuna mtu chumbani mle asiyelijua hilo.

Lalla Khnata hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Miaka minne ningekuwa nanusa," alisema. "Miaka minne, Munsif. Umekaa nayo, halafu umeiua kwa siku nne."

"Nisamehe."

"Sijui. Usiniulize leo."

"Nitakuja kesho niulize."

"Kesho pia sijui."

"Nitakuja tu," alisema Munsif, na analia sasa bila kuficha, mwanamume mzima na mvi zake. "Hata usiponijibu nitakuja."

Kibibi alijifuta macho kwa ncha ya kilemba cha mwanawe, na alipouinua uso ndipo alipomwona Ghita mlangoni, amesimama na viatu miguuni.

"Na huyu nani?"

Ghita alijua jinsi lilivyo gumu jibu la swali hilo katika chumba hicho, mbele ya nguo zile. Alikwisha fungua mdomo amwokoe Munsif, aseme mimi ni fundi wa kushona, mimi ni jirani, nimemsindikiza tu. Munsif aligeuka akamtazama, kisha akamrudia yule mama, na hakuyashusha macho.

"Ni mke wangu," alisema.

Ndoa ilikuwa bado siku mbili, na tangu asubuhi jibu alikuwa hajapewa. Ghita hakumsahihisha.

Lalla Khnata alimtazama Ghita. Halafu akazikusanya nguo za binti yake kutoka kwenye sedari, akazipakata mapajani zote, mahali pakawa wazi ubavuni pake.

"Mbona unamwacha mwenzio kasimama mlangoni?" alimwambia Munsif. Akapapasa kile kitambaa cha sedari kwa kiganja. "Njoo ukae, mwanangu."

Ghita akavua viatu.